Gari Halina Mkuku

Mwanangu Lali,

Kwa jina la Mola aliyekuleta kwangu mzima, na ambaye kesho nitakukabidhi kwake tena. Sasa adhuhuri imeshasaliwa. Wewe umevuka kwenda Amu kuwaaga jamaa kabla ya safari yako ya Mombasa, na baba yako amejinyoosha barazani na kitambaa juu ya uso. Mimi nimekaa jikoni, karatasi nimeiweka juu ya ungo, nakuandikia kwa herufi zilezile nilizofunzwa chuoni Chundwa kabla sijawa mwari nikawekwa ndani. Usome polepole. Mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu, na mistari yangu, kama uonavyo, yote inateremka upande mmoja.

Sitakwambia habari za kufua nguo, wala kula ukashiba, wala kusali kwa wakati. Hayo nimekwambia tangu ulipoota meno, na kama hayakuingia, leo hayataingia kwa karatasi. Nataka kukwambia jambo moja ambalo mimi nalijua na wewe walijua, na tumekaa nalo nyumba moja miaka miwili, kila mmoja akijifanya hana habari. Ni ule mlio wa lori.

Watu wa Mokowe wanaijua habari hiyo kwa upande wao. Wanajua kwamba lori la Bwana Twalibu, analoendesha baba yako, liliingia mlio wa kusugua chini kwa chini, fundi akaletwa kutoka Malindi akashindwa, na wewe, taniboi wa mizigo tu, usiyekuwa hata na spana yako mwenyewe, ukaupata. Wanajua pia kwamba kilichokuwa kikisugua ni kipande cha kamba ya makumbi, na kwamba kufunga mzigo ilikuwa kazi yako, kwa hiyo kamba ilikuwa yako. Ndipo wakakupa jina la Lali Kamba. Nimelisikia jina hilo likiitwa kutoka gatini mpaka mlangoni pangu. "Lali Kamba, leo umefunga vyema, au tukufuate nyuma tuokote?" Nawe hucheka, ukapita. Na mimi ndani huinamisha kichwa kwenye kofia ninayoshona.

Kamba ile haikuwa yako, mwanangu. Na wewe ulilijua hilo siku ileile.

Wacha nianze nyuma kidogo. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa vyombo vya bahari. Nimekulia Chundwa chini ya mbao zake, nikiokota vipande vya kuwashia moto. Chombo kinapoanza, huanza na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ambao mbao nyingine zote zinaushikilia. Kabla hajapigilia mbao, babu yako alikuwa na desturi ya kukunja karatasi yenye maneno ya Qurani, akaitia kwenye kiungo cha mkuku, akapigilia juu yake. Hakuna aliyeiona tena. Chombo kikienda kikirudi, alisema, kile kikaratasi ndicho kilichokuwa kimeamka wengine wakilala. Mimi nilikuwa mdogo. Nikaamini kwamba kila kitu kinachobeba watu kina mkuku, na kwamba kinga yake hukaa hapo.

Ulipoingia kazi ya lori na baba yako ndipo hofu yangu ilipopata mahali pa kulala. Masika ile ya kwanza mliondoka mkasema siku mbili, zikawa sita. Hakuna aliyekuwa na habari. Kila aliyetoka upande wa Witu nilimwuliza, na kila mmoja alinambia tope, tope tu. Siku ya sita mkarudi mmepakaa udongo mpaka nyusini, mnacheka, mnaomba chai. Nikacheka nanyi. Nikawapikia. Halafu nikaingia ndani nikakaa kitandani.

Jioni hiyo nikamwambia baba yako, "Bwana Shee, lile gari halina kinga yoyote."

"Lina breki," akasema.

"Breki ni za kusimamia. Nasema kinga."

"Esha, gari si chombo cha babako. Gari lataka grisi na mafuta. Ukilitundikia hirizi, Bwana Twalibu atanicheka, wa gatini watanicheka, na mimi mwenyewe nitajicheka. Nakataza."

Baba yako hasemi nakataza ovyo. Katika ndoa yetu yote amelisema mara tatu, na mara mbili nilimsikiliza.

Nilipeleka salamu Chundwa kwa mwalimu wangu wa chuo, akaniandikia hirizi. Nikaivika kitambaa cha buibui langu la zamani, juu yake nikaivika ngozi ya mbuzi, ngumu, ili isilowe. Nikaishona ukingoni kwa uzi mweupe, kwa ule mshono wa vijitundu ninaoutia kwenye kofia. Hakuna aliyeniomba niitie pambo. Ilikuwa kitu cha kufichwa, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Laiti ningelishona vibaya kama watu wengine, pengine usingelijua ni ya nani.

Ijumaa, wanaume wote walipokuwa msikitini, nikatoka na mtama kiganjani naita kuku. Lori lilikuwa limesimama nyuma ya ghala ya Bwana Twalibu. Nikaita kuku mpaka nikafika penye gurudumu, nikatazama huku na huku, nikaingia chini yake na buibui langu. Ndani mule kila kitu cheusi, kila kitu kinanuka, na tone moja la mafuta likaniangukia shingoni nikadhani nimeumwa. Nikataka kutoka. Halafu nikaona, katikati, chuma kirefu kimenyooka kutoka mbele kwenda nyuma, kinene kama mkono wa mtu, vingine vyote vimekaa pembeni yake. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, alhamdulillahi, mkuku ndio huu.

Nikaifunga hirizi pale kwa kamba ya makumbi, mizunguko saba, fundo la babu yako. Ile kamba nilikuwa nimeikata kwenye kitanda chetu cha uani.

Wewe leo ni fundi, na najua hapa unacheka. Cheka. Mimi sikujua kwamba chuma kile ndicho mnachokiita shafti, na kwamba gari likienda ndicho kinachozunguka kuliko vyote. Nilidhani nimefunga hirizi kwenye kitu kilichotulia.

Nilipotoka nikakutana na shangazi yako Rukia anatoka kisimani. Dada ya baba yako hapitwi na kitu. Akanitazama bega, lilikuwa na doa jeusi kama sahani.

"Wifi, watafuta nini?"

"Kuku wangu."

"Kuku gani huyo atagaye mafuta ya gari?"

Nikasema sijui, nikapita.

Mlio ulianza baada ya siku nne. Baba yako alikuja nyumbani akisema kuna kitu kinasugua. Mara ya kwanza hakujali. Siku ya pili alikula huku akiueleza. Gari likienda polepole, alisema, ni kama mtu anayekuna nazi nyumba ya pili. Likikazana, ni kama mtu anayepiga msasa ubao mkavu, bila kupumzika. Akatia grisi kila palipoweza kutiwa. Akafunga upya kila nati. Mlio ukabaki. Bwana Twalibu akapanda mwenyewe, akasikiliza kutoka ghalani mpaka njia panda, akashuka na uso mwingine. Akaleta fundi wa Malindi, yule mnene mwenye sanduku la bati. Fundi akagongagonga siku mbili, akasema ni chuma cha magurudumu ya nyuma, ndani kimekwisha, hakitengenezeki hapa, gari liende Mombasa.

Bwana Twalibu akamwambia baba yako mbele ya watu, "Bwana Shee, gari umelitumia vibaya. Mlio usipokwisha Ijumaa, litakwenda Mombasa, na likienda litarudi na dereva wa huko."

Baba yako alikuwa na lori lile tangu likiwa jipya. Alilijua kama mimi ninavyokujua wewe. Mimi nami nilikuwa bado sijui kitu, nakuapia. Nilikuwa nikimwombea dua, na katika dua zangu nilikuwa nikijisifu kidogo kwamba angalau kinga ipo.

Nilijua Jumatatu. Unaikumbuka safari ile. Tulikwenda wanawake watano shamba, kule kijiji cha Hindi, tukakaa nyuma juu ya magunia, na mimi nikapata mahali pa katikati kabisa. Gari lilipoondoka nikausikia. Sikuusikia kwa sikio, niliusikia kwa nyayo. Chini ya ubao, pale pale miguu yangu ilipokuwa, kitu kigumu kinapita, kinapita, kinapita. Ngozi. Mtu aliyeshona ngozi anaijua sauti yake.

Tulipofika ule mteremko mdogo kabla ya Hindi, ukagonga kibao cha mbele. "Baba, zima injini. Toa gea, liache liende lenyewe."

"Wataka nini?"

"Nataka kujua nani analia, injini au magurudumu."

Akazima. Nitaikumbuka mpaka kufa kwangu ile dakika. Gari kubwa limejaa watu, linateremka kimya, upepo tu na mchanga chini ya mipira. Na mlio upo. Unakuna, unakuna, na gari lilipopungua mwendo nao ukapungua, liliposimama ukasimama. Ukaruka chini, uso wako umewaka. Ukasema, "Si injini. Injini imelala na mlio uko macho. Ni kitu kinachokwenda na magurudumu." Kisha ukamwambia baba yako awashe injini gari likiwa limesimama, akanyage mafuta mpaka moshi ukatufikia, na mlio haukuwapo. Ukatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali.

Ndipo ukatugeukia sisi. Hakuna fundi aliyekuwa ametuuliza wanawake kitu. Ukasema, "Nyinyi mmekaa juu yake. Mwausikia wapi?"

Rukia akasema, "Mimi nasikia tumbo langu tu. Twende."

Wakacheka. Wewe hukucheka. Ukanitazama mimi. "Mama?"

Mwanangu, nimekaa na swali hilo miaka miwili. Lilikuwa chini ya nyayo zangu. Nilikuwa na uwezo wa kunyoosha kidole. Lakini Rukia yuko pembeni yangu na lile doa halijamtoka kichwani, baba yako ameshika mlango ananitazama, na ile nakataza yake bado ina joto. Nikasema, "Mbele. Upande wa dereva, kwenye gurudumu."

Ukaniamini. Ukamwambia baba yako, "Mama ana sikio. Husikia nazi ikianguka shamba la watu."

Siku mbili zilipotea kwa neno langu. Ukafungua gurudumu la mbele, ukatoa beringi moja moja, ukaosha kwa mafuta ya taa, ukarudisha. Mlio upo. Ukafungua tena. Mimi nilikuwa mlangoni natazama, na kila kitu ulichokifungua nilijua ni cha bure. Jumatano alasiri beringi ikakuponyoka ikaanguka mchangani, na baba yako, aliyekuwa hajalala siku tatu, akakupiga kofi. Mbele ya watu wa gatini. Wewe kijana wa miaka kumi na minane, ambaye hakuwa amekupiga tangu ulipoacha kwenda chuoni. Uliinama ukaiokota beringi, ukaipuliza mchanga, ukaiosha upya.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Ni mimi. Hatua kumi na tano kutoka mlangoni mpaka mlipokuwa. Nilifunga mlango.

Watu husema mama humfia mwanawe. Mimi siku ile sikuweza hata kumwaibikia. Hilo ndilo kosa langu, Lali. Hirizi ilikuwa ujinga, na mtu husamehewa ujinga. Lakini kidole nilichokinyoosha mbele nilikinyoosha nikijua.

Alhamisi asubuhi ukaja jikoni. Ukasimama pale pale ambapo sasa nimeweka mtungi.

"Mama, kwa mbele hakuna kitu."

"Hakuna?"

"Hakuna. Siku ile ulikaa wapi?"

"Juu ya gunia."

"Gunia lipi?"

"La katikati."

Ukasema, "Basi ulikuwa juu yake."

"Labda sikio langu lilikosea," nikasema.

"Labda," ukasema, ukatoka. Hukuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwamba hukuwa na hasira hata kidogo.

Nikachukua buli la kahawa nikakufuata, ili niwe na sababu ya kuwapo. Mlikuwa mmeinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Fundi wa Malindi amekaa juu ya sanduku lake anangoja kuondoka na gari, Bwana Twalibu amesimama na mwavuli. Ukaingia chini, ukamwambia baba yako azungushe gurudumu kwa mkono, polepole. Nikaona miguu yako tu. Gurudumu likazunguka. Tukasikia sote, kidogo sana, kama panya ndani ya gunia. Ukasema, "Zungusha tena." Kisha ukasema, "Basi."

Na hukutoka.

Ulikaa mule chini muda wa mtu kunywa kikombe. Baba yako akaita, "Lali, umelala?" Mimi nilijua unatazama nini. Mafuta na vumbi vilikuwa vimeifunika, lakini uzi mweupe hung'ang'ania, na wewe umekua ukitazama mshono ule kila siku ya Mungu, kichwani mwa baba yako na kichwani mwako mwenyewe.

Ukatoka na kamba mkononi. Kamba tupu.

"Ni hii," ukasema. "Ilijizungusha kwenye shafti, ncha yake ikawa inapiga ubao."

Baba yako akaishika. "Kamba ya nani?"

"Ya mzigo. Nilifunga vibaya, ikaanguka. Kosa langu."

Hukunitazama. Wote walikutazama wewe, na wewe ulitazama kamba. Bwana Twalibu akacheka mpaka mwavuli ukatikisika, akasema siku zote hizi tumeliwa na kamba. Akampa baba yako mkono, na kazi ikabaki kuwa kazi yake. Fundi wa Malindi peke yake hakucheka. Alikuuliza, "Nani alikufunza kuzima injini mteremkoni?"

"Hakuna. Zilikuwa kelele mbili. Nilitaka moja iondoke niisikie nyingine."

Akakuuliza jina lako na jina la babako. Mimi nilidhani anakuuliza kwa kukuchukia, maana ulimwaibisha. Miaka miwili baadaye yule aliyeaibishwa ndiye aliyekutafutia mahali Mombasa, kwa ndugu yake mwenye gereji, akamwambia kuna kijana bara ya Amu anayesikiliza kabla hajashika spana. Mimi nilimdhania vibaya. Nimeshamwombea dua nyingi tangu hapo kumlipa.

Jioni ya Alhamisi ile nilifungua kikapu changu cha kofia. Hirizi ilikuwa ndani, chini ya nyuzi, imefutwa kwa mafuta ya taa mpaka mishono yote ikarudi kuwa myeupe. Pembe moja ngozi imelika, imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ulikuwa uani unanawa. Ukaingia, ukauliza tunakula nini.

Tunakula samaki, nikasema. Na hayo ndiyo mazungumzo yetu yote juu ya jambo hilo.

Nimesikia watu wakikusifu kwa sikio lako. Hata mimi husifu, sikatai, na kule kisimani nimelisema mpaka Rukia anaziba masikio. Lakini usiku nikikufikiria sifikirii sikio. Nafikiria ule muda uliokaa chini ya gari. Ulikuwa umeshapata ulichokitafuta, na ungetoka nacho mkononi ukasafika mbele ya baba yako, mbele ya wote, shavu lako likiwa bado linawaka. Ukalala pale ukapima. Kisha ukatoka na kamba. Sijui mtoto hujifunza wapi jambo kama hilo. Kwangu hukujifunza, maana mimi nilikuwa na nafasi ileile siku moja kabla, nikafunga mlango.

Najivunia hilo kuliko kazi utakayoifanya Mombasa, hata ukawa na gereji yako na jina lako limeandikwa ukutani. Lakini pia nakuomba, usinibebee tena. Miaka miwili ya Lali Kamba ilikuwa yangu, wewe ukaivaa. Mimi nilinyamaza kwa hofu, wewe ukanyamaza kwa huruma, na baba yako katikati yetu akabaki na kofi asilojua ni la nani.

Jambo moja tu la ufundi ninalolijua, nami nimelilipia. Endelea kuwauliza waliokaa juu ya mlio, hata wakiwa wanawake juu ya magunia. Lakini ukimwuliza mtu, tazama pia miguu yake. Siku ile nilinyoosha kidole mbele, na miguu yangu nilikuwa nimeikunja chini ya gunia kana kwamba ubao unaunguza. Ungelitazama, ungelijua.

Nasimama hapa kidogo. Baba yako ameamka, anaita chai.

*

Nimerudi. Alasiri imepita, na sasa jua limeshafika kwenye mlango wa jikoni.

Nilipompa chai nikamwambia, "Bwana Shee, ile kamba ya Lali haikuwa ya Lali."

"Kamba ipi?"

"Ya kwenye shafti." Nikafungua kikapu, nikamwekea hirizi kiganjani.

Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye vile vijitundu, kimoja kimoja, kama anayevihesabu. Chai ikafanya utando juu.

"Uliifunga wapi?"

"Kwenye mkuku."

"Gari halina mkuku, Esha."

"Sasa najua."

"Uliingia chini ya lori."

"Niliingia."

"Na buibui?"

"Na buibui."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani hasira. Alikuwa anacheka, mwanangu, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, mpaka akashika ukuta. Kisha nikaona anaendelea kufuta macho na kicheko kimekwisha.

"Nilimpiga," akasema.

"Ulimpiga."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu. Na mimi nilikuwa mlangoni nikitazama, nikijua."

Nilingoja anitukane, na ningelipokea. Akavaa kofia yake, akavaa viatu, akatoka na chai yake hajainywa. Nilichelea anakwenda kukungoja wewe. Hakwenda kukungoja. Habari nimeletewa na shangazi yako, amekuja mbio mpaka kanga imemwanguka begani. Anasema baba yako alisimama penye benchi la gatini, wote wapo, akasema, "Ile kamba ilitoka nyumbani kwangu. Haikuwa ya mzigo, na Lali hakuwa na kosa. Mimi nilimpiga bure. Atakayemwita kijana wangu lile jina kesho, asipande gari langu." Hakunitaja. Lakini Rukia si wa kutajiwa. Amesimama hapa mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Nilijua. Nilijua kuku hatagi mafuta." Akakaa, akanywa ile chai ya baba yako, na kabla hajaondoka akanishika mkono. Hajanishika mkono tangu niolewe.

Baba yako amerudi sasa hivi. Nimemwambia nakuandikia, naweza kukuandikia na yake. Akasema, "Yangu usiandike. Yangu nitamwambia mwenyewe kesho, ndiani, garini." Kwa hiyo hayo niliyoyaandika hapo juu hukuyasoma.

Hirizi nimekutilia sandukuni. Mara ya kwanza nilikuwa nimeanza kuifungia ndani ya pindo la kanzu yako, ili usiione. Nimeifumua. Iko juu ya nguo zote, ukifungua kifuniko utaikuta inakutazama, na ile pembe yake iliyolika. Ukitaka, ivae. Ukitaka, itundike msumarini. Ukiona haina kazi, niletee ukija Idi. Ila usiifunge kwenye kitu kinachozunguka.

Kesho utakaa mbele, pembeni ya baba yako, kama abiria, mara ya kwanza. Unamjua, maneno kwake ni mazito. Huenda mkafika ule mteremko wa Hindi injini inanguruma, yeye anatazama barabara na hajafungua kinywa. Basi mwambie azime injini, atoe gea. Atajua wataka nini. Liacheni liende lenyewe mpaka lisimame, hata likichukua muda.

Na mimi nitakuwa nyuma ya ghala, pale pa kuku, nikisikiliza gari likiondoka. Nitakuwa nikisikiliza chini yake, mpaka mwisho wa njia, mpaka nihakikishe kwamba hakuna kitu kinachosugua.

Mamako,
Esha